Mwambieni Kabla Hajameza

"Ukimwambia, hatameza." Kaa na watoa huduma wa afya ya akili muda wa kutosha, kwenye semina au kwenye mapumziko ya chai, na kauli hiyo utaisikia. Mara nyingi husemwa kwa upole, na mtu asiye na nia mbaya hata chembe. Anachokusudia ni kwamba mgonjwa wa sonona anayeanzishiwa fluoksetini au amitriptilini asielezwe sana habari za madhara. Aambiwe kwamba dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, asisitizwe asiache, basi. Mengine yatajulikana siku ya kliniki. Na yakijulikana, yaani mwili ukikataa kutulia, mikono ikitetemeka, taya likibana au miguu ikimnyima usingizi, kuna kauli ya pili inayokamilisha ya kwanza: "Hayo ni wasiwasi wake. Ni ugonjwa wenyewe."

Kauli zote mbili ni potofu, na zikishikana mkono zinamzaa mtu yuleyule ambaye wasemaji wake wanamwogopa: mgonjwa aliyetupa vidonge chooni, hataki kusikia habari ya hospitali, na hajamwambia mtu sababu.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na dawa hizi. Zimewainua watu ambao ndugu zao walikwisha kukata tamaa. Wale wanaohubiri kwamba kila kidonge cha sonona ni sumu watapenda nusu ya makala haya. Nawaomba wasome na nusu ya pili.

Tuanze na mwili wenyewe, maana wengi wanaobishana juu ya jambo hili hawajawahi kuliangalia kwa karibu. Katika siku za mwanzo za dawa, au baada ya dozi kupandishwa, baadhi ya watu huhisi kitu kinawasukuma kutoka ndani. Mtu akikaa anataka kusimama. Akisimama anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, kama anayekanyaga udongo wa kukandikia nyumba. Akitembea anapata nafuu kidogo, kwa hiyo anatembea: jikoni, sebuleni, uani, kisha jikoni tena. Kwenye sala hawezi kukaa tahiyatu mpaka imamu atoe salamu. Kwenye benchi la kanisa anatoka nje mahubiri yangali yanaanza. Kwenye daladala anashuka kabla ya kituo chake kwa kuwa kiti kimemshinda. Hali hiyo inaitwa akathisia. Macho ya watu huona miguu tu, lakini wanaopatwa nayo husema mateso yenyewe yako ndani: dhiki isiyo na mahali, hamu ya kuvua ngozi. Wapo wanaosema ni mbaya kuliko sonona iliyowapeleka kutafuta tiba.

Akathisia ndiyo kali kuliko zote, ila haiko peke yake. Amitriptilini na ndugu zake huleta mtetemo mwembamba wa mikono, ambao kwa mtu wa mezani ni kero tu, lakini kwa fundi cherehani anayetunga uzi kwenye sindano, au kinyozi mwenye wembe mkononi, ni riziki inayoondoka. Dawa za kundi la fluoksetini huwafanya baadhi ya watu wakaze taya na kusaga meno usiku. Hapa kwetu kusaga meno kuna maelezo yake ya tangu na tangu, kwamba ni minyoo, na nina hakika kuna watu wazima waliokunywa dawa ya minyoo mara mbili na tatu kwa tatizo ambalo chanzo chake kimeandikwa kwenye cheti chao cha kliniki ya akili. Mirtazapini, ambayo bado ni adimu katika vituo vyetu vya umma, inajulikana kwa kuamsha miguu isiyotulia kitandani. Mara chache hutokea shingo kupinda au mwili kukakamaa, kama ule mkakamao ambao wauguzi wa wodi za akili wanaujua kutokana na haloperidoli.

Hapo kwenye haloperidoli ndipo kosa la kwanza la kitaalamu lilipojificha. Wahudumu wetu wengi wamefundishwa, na wamefundishwa vizuri, kwamba haloperidoli na sindano ya Modecate zinaweza kumfanya mtu asikalike. Wamewaona kwa macho. Somo likaishia hapo, na akathisia ikabaki vichwani mwao kama mali ya dawa za wehu. Dawa za sonona zikawekwa kwenye rafu ya dawa laini. Ubongo hauna rafu hizo. Haloperidoli huzuia dopamini moja kwa moja katika sehemu zinazoongoza miendo ya mwili. Fluoksetini huongeza serotonini, na serotonini, miongoni mwa kazi zake nyingi, huibana dopamini katika sehemu hizohizo. Njia ni ndefu zaidi na madhara kwa kawaida ni mepesi na machache zaidi, lakini mtu aliyefika huko amefika.

Wala hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1901, daktari wa mishipa ya fahamu Ladislav Haškovec wa Prague alieleza habari za wagonjwa wawili wasioweza kukaa. Dawa hizi hazikuwapo duniani, naye akahusisha hali yao na matatizo ya nafsi, yale ambayo madaktari wa zama zake waliyaita histeria. Mzigo akatwishwa mgonjwa tangu siku ya kwanza, na haujashushwa vizuri hadi leo. Fluoksetini iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1987 kwa jina la Prozac. Haikupita hata miaka miwili, madaktari wa hospitali ya McLean, karibu na Boston, wakachapisha habari za wagonjwa watano waliopata akathisia kwa dawa hiyo, wakakadiria kwamba tatizo huenda linawapata kati ya asilimia 9.8 na 25 ya watumiaji. Makadirio hayo yanaweza kubishaniwa, na takwimu za majaribio ya baadaye ni ndogo zaidi, ingawa katika majaribio mengi mgonjwa asiyetulia aliandikwa tu kuwa ana "fadhaa" na mambo yakaishia hapo. Asiyehesabiwa kwa jina lake hawezi kuonekana kwenye jumla.

Mwaka 1990 Martin Teicher na wenzake wakaeleza wagonjwa sita waliojawa na mawazo makali ya kujiua baada ya kuanza fluoksetini. Mwaka uliofuata Anthony Rothschild na Carol Locke wakafanya jambo ambalo kwangu ni ushahidi mzito kuliko majedwali mengi. Walikuwa na wagonjwa watatu waliojaribu kujiua kwa njia za hatari wakiwa kwenye dawa hiyo. Wakawarudishia dawa ileile chini ya uangalizi. Akathisia ikarudi kwa wote watatu, na wagonjwa wenyewe wakasema: hii ndiyo hali iliyonifanya nifanye vile. Dawa ilipoachishwa, au propranololi ilipoongezwa, hali ikaondoka. Ugonjwa wa mtu haujui lini dawa imeingia na lini imetoka. Dawa inajua.

Nimeitaja kauli ya pili, ile ya "ni ugonjwa wenyewe". Nakubali kwamba kutofautisha si kazi rahisi. Sonona yenye wasiwasi huleta fadhaa, na mtu mwenye fadhaa hutembeatembea. Lakini kuna maswali ya kuuliza, na hayahitaji mashine. Hali hii ilianza lini ukilinganisha na kidonge cha kwanza au siku dozi ilipopanda? Inakaa kichwani kama hofu ya jambo fulani, au inakaa miguuni na kifuani bila kuhofia chochote? Ukitembea inapungua? Umewahi kuwa hivi kabla ya dawa, hata siku ulipokuwa mgonjwa kuliko siku zote? Tangu mwaka 1989 kuna kipimo cha Thomas Barnes cha Uingereza ambacho kinamtaka mchunguzi amtazame mgonjwa akiwa amekaa, kisha amesimama, dakika chache kila mkao, halafu amuulize anajisikiaje. Kinachohitajika ni kiti na mtu anayetazama.

Asipouliza, mhudumu huyu mwema hufanya nini? Huona fadhaa imeongezeka, hukata shauri kwamba ugonjwa umeongezeka, hupandisha dozi. Kidonge kimoja kinakuwa viwili. Dhara linaitwa dalili, dalili inatibiwa kwa kilichozalisha dhara. Au huongeza haloperidoli kidogo "imtulize". Hapo mambo huharibika maradufu, kwa sababu fluoksetini hukizuia kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6, ambacho ni mojawapo ya vimeng'enya vinavyoivunja haloperidoli, na kiwango cha haloperidoli kwenye damu kinaweza kupanda kuliko ilivyokusudiwa. Dawa mbili, kila moja na uwezo wake wa kumwinua mtu kitini, na moja inamwongezea nguvu mwenzake.

Kimeng'enya hicho kina habari nyingine inayotuhusu moja kwa moja. Mwaka 1996 Collen Masimirembwa wa Zimbabwe, akishirikiana na watafiti wa Sweden, alieleza aina ya jeni la CYP2D6 iliyo ya kawaida kwa watu weusi wa Afrika na ambayo hufanya kimeng'enya hicho kifanye kazi polepole. Mwaka 1999 utafiti juu ya Watanzania ulionyesha mwelekeo huohuo wa uwezo uliopungua. Sisemi kwamba dawa hizi si za Waafrika. Huo ungekuwa upuuzi, na athari ya jeni hilo inatofautiana dawa kwa dawa. Nasema kwamba miligramu 20 za fluoksetini zilizopimwa kwa watu wa Marekani hazina ahadi ya kufanya kazi vilevile katika ini la mtu wa Igunga au Kisumu. Anayeagiza dozi ya kitabu huku akikataa kumsikiliza aliyeimeza anaamini kitabu ambacho msomaji wake wa kwanza hakuwa mgonjwa huyu.

Sasa turudi kwenye kimya. Wanaokitetea hudhani kwamba mgonjwa asipoambiwa chochote hatawaza chochote. Mwili wake utamwambia, nao hausubiri siku ya kliniki. Swali pekee ni nani atakayemfasiria. Mama mkwe anayemwona bintiye mpya akizunguka uani saa nane za usiku ana tafsiri yake. Mganga ana ya kwake, na inakuja na bei. Mchungaji anayeona mtu hawezi kukaa pindi maombi yanapoanza ana ushahidi tayari mbele ya waumini wote. Vijana wa kijiweni watasema jamaa ameanza unga. Kila mmoja wa hawa ana maelezo kamili, yanayoeleweka, yaliyokuja kabla ya daktari. Halafu tunaitisha warsha kujadili kwa nini jamii "inaamini ushirikina". Inaamini aliyeitangulia kuzungumza nayo!

Ninachokiona kibaya zaidi ni hiki: mgonjwa mwenyewe, akiwa ndani ya sonona inayomwambia usiku kucha kwamba yeye ni mzigo na hafai, anapewa hali mpya isiyo na maelezo. Atafikia uamuzi gani isipokuwa kwamba sasa anakuwa mwendawazimu kabisa? Mtu aliyeambiwa "hii inaweza kutokea, inatoka kwenye dawa, inaondolewa" anateseka mateso yaleyale ya miguu, lakini anajua yana mwisho. Asiyeambiwa hajui. Kwa mtu ambaye tayari anatafuta sababu ya kuendelea kuishi, tofauti hiyo ni kubwa mno kuachiwa bahati.

Mwaka 2010 mwanasheria wa Chicago, Stewart Dolin, alijirusha mbele ya treni siku chache baada ya kuanza paroksetini, dawa ya kundi la fluoksetini. Mkewe alifungua kesi akidai mumewe alikuwa na akathisia na kwamba lebo ya dawa haikuonya ipasavyo kwa watu wa umri wake. Mwaka 2017 baraza la wazee wa mahakama lilimpa dola milioni 3. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaufuta ushindi huo kwa hoja za sheria za lebo. Siitaji kesi hiyo kama uthibitisho kwamba paroksetini ilimuua. Mahakama si maabara. Naitaja kwa sababu mjane yule alitumia miaka kujifunza neno ambalo lingeweza kutamkwa chumbani kwa daktari kabla ya kidonge cha kwanza.

Na kwetu je? Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Kenya kilikuwapo kifungu cha 226 cha namna hiyohiyo, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hiyo kijana aliyesukumwa na dhara la dawa ambalo hakuambiwa lipo, akanusurika, anaweza kuamka amefungwa pingu kwenye kitanda cha wodi. Nani hapo angepaswa kuhojiwa kwanza?

Wanaotetea kimya wana hoja moja yenye nguvu, nami sitaipita mbio. Matarajio huzaa dalili. Katika majaribio ya dawa za sonona, hata waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote hulalamika madhara, na malalamiko yao hufuata yale waliyoonywa: waliodhani huenda wamepewa dawa za kundi la amitriptilini walilalamika mdomo kukauka zaidi kuliko waliodhani huenda wamepewa za kundi la fluoksetini. Huu ni ukweli uliopimwa. Tena kuna historia ya onyo kubwa lililoonekana kuleta hasara. Oktoba 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru onyo la kisanduku cheusi kwa dawa hizi juu ya mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana, kwa kuwa katika majaribio mawazo au vitendo vya aina hiyo vilionekana kwa takriban asilimia 4 ya waliopewa dawa dhidi ya asilimia 2 ya waliopewa vidonge vitupu. Mwaka 2007 likapanuliwa hadi watu wa miaka 24. Mwaka huohuo Robert Gibbons na wenzake wakaandika kwamba baada ya maonyo, uandikaji wa dawa kwa vijana ulishuka kwa takriban asilimia 22, na kwamba vifo vya vijana kwa kujiua Marekani vilipanda asilimia 14 kati ya 2003 na 2004. Wenye kimya chao wakasema: mmeona?

Tumeona, lakini tuangalie vizuri. Tahadhari ya FDA ilitoka Machi 2004, na kisanduku chenyewe Oktoba. Vifo vya mwaka mzima huo haviwezi kutwikwa onyo ambalo kwa miezi mingi ya mwaka halikuwapo. Ubishi huo bado unaendelea, nami siwezi kuumaliza. Lililo muhimu zaidi kwa hoja yangu ni kwamba onyo lile lilitangazwa kwa taifa zima kupitia televisheni, likawafikia wazazi ambao hawakuwa na daktari mbele yao na madaktari ambao wakaona ni salama zaidi kwao kutoandika kitu. Ufuatiliaji wa karibu ulioshauriwa pamoja na onyo haukufanyika kwa wagonjwa walio wengi. Hofu ilisambazwa, uangalizi haukusambazwa. Ninachokidai mimi ni kinyume chake: maneno machache kwa mtu mmoja, yanayosemwa na yule aliyeamua kwamba mtu huyo anahitaji dawa, pamoja na mahali pa kurudi.

Na juu ya matarajio kuzaa dalili: inategemea unavyosema. Kumsomea mtu orodha ya majanga ishirini ni namna moja. Kumwambia kwamba wengi hawapati tabu hii, wachache wanaipata, na dawa yake tunayo, ni namna nyingine. Midomo inaweza kukauka kwa kudhani. Sijaona bado dhana inayomtembeza usiku kucha mtu ambaye hakuna aliyewahi kumtajia kutembea.

Ajabu ni kwamba mwongozo ambao wahudumu wetu wengi wamefundishiwa umelisema jambo hili waziwazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2010 mwongozo wa mhGAP, ulioandikwa mahususi kwa vituo visivyo na daktari bingwa wa akili, yaani kwa ajili yetu. Dawa za sonona zinazotajwa humo ni hizihizi, amitriptilini na fluoksetini. Na humo imeandikwa kwamba akathisia ikitokea na kuendelea, matumizi ya dawa yapitiwe upya. Sasa mtu atairipotije hali ambayo hajui kwamba inapaswa kuripotiwa? Mwongozo unamtegemea mgonjwa aseme. Utamaduni wetu wa kliniki umehakikisha hana la kusema.

Hata karatasi haimfikii. Dawa nyingi katika vituo vya umma huja kwenye makopo makubwa au boksi la jumla. Karatasi ya maelezo, iliyoandikwa kwa Kiingereza na herufi za kuchosha macho, huwa ni moja kwa kopo zima, na hubaki stoo. Mgonjwa anahesabiwa vidonge, vinatiwa kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa 1x1 usiku. Huo ndio mkataba wote kati yake na dawa itakayofanya kazi ndani ya ubongo wake kwa miezi.

Bahasha hiyo haisemi pia kwamba asimeze tramadoli ya jirani kwa maumivu ya mgongo. Ni jambo la kusemwa, kwa kuwa fluoksetini pamoja na tramadoli au pethidini, au linezolidi anayopewa mgonjwa wa kifua kikuu sugu, huweza kuijaza serotonini mwilini kupita kiasi: jasho, homa, mwili kutetemeka na kukakamaa, kifundo cha mguu kikisukumwa juu ghafla kinadundadunda chenyewe. Hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali. Mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York baada ya kuchomwa pethidini akiwa anatumia fenelzini, dawa ya sonona ya kizazi cha zamani. Wataalamu wengi wanaamini mchanganyiko huo ndio uliomponza. Kifo chake kilibadilisha sheria za saa za kazi za madaktari wanafunzi katika jimbo zima. Dunia ikajifunza habari za uchovu wa madaktari na kusahau habari za dawa.

Watu wataniuliza: mgonjwa akishasema, mnalo la kumfanyia? Ndiyo, na si ghali. Dozi hupunguzwa, au dawa hubadilishwa. Propranololi, inayopatikana hata katika vituo vya chini kwa ajili ya moyo na shinikizo la damu, huwasaidia wengi, mradi mgonjwa hana pumu. Artane, ambayo kwenye kliniki zetu hugawiwa kwa kila anayetetemeka, ni nzuri kwa mkakamao lakini kwa akathisia huwa haifui dafu. Fluoksetini hutoka mwilini polepole, kwa wiki kadhaa, kwa hiyo nafuu inaweza kuchelewa na mgonjwa aambiwe hilo pia. Ila dawa nyingine za kundi hili, zikikatwa ghafla, huleta mitetemeko na kizunguzungu vyake vyenyewe, na ndiyo maana anayezitupa kwa hasira huumia mara ya pili. Huyu ndiye yule waliyesema wanamlinda kwa kutomwambia.

Ninayoyataka yasemwe ni haya, na yanamalizika kabla foleni haijaanza kunung'unika: "Mama, siku za mwanzo unaweza kuhisi mwili hautaki kutulia, au mikono ikatetemeka. Wengi hawapati. Ukipata, ujue inatoka kwenye dawa na tunaweza kuirekebisha. Usiongeze kidonge, usiache mwenyewe; njoo siku hiyohiyo hata kama si siku yako ya kliniki. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, mwambie aliye karibu nawe saa hiyo, usisubiri kukuche." Kisha yule aliyemsindikiza, dada au mume au mtoto mkubwa, aambiwe vivyo hivyo, kwa sababu mtu aliye ndani ya hali hiyo huenda asiweze kujieleza, na mara nyingi ni wa nyumbani wanaoona kwanza kwamba amechakaza kandambili kwa kutembea.

Najua jibu litakalokuja: wagonjwa ni wengi, mhudumu ni mmoja. Kweli. Basi kazi ifanywe na anayehesabu vidonge, na tusimwachie kumbukumbu yake peke yake. Bahasha ile ina upande wa nyuma ulio mtupu. Fundi mihuri aliye jirani na soko la mji wowote wa wilaya atachonga muhuri wa mpira siku hiyohiyo, wenye maneno machache, "Mwili usipotulia, rudi mapema", na chini yake namba ya simu ya kliniki. Vituo vyetu vinagonga muhuri wa tarehe, wa idara, wa malipo na wa mganga mfawidhi juu ya karatasi ambazo mgonjwa hatazisoma kamwe.